Chombo Namba Tisa, Mara ya Pili

Walikuja watatu, wakakaa kwenye benchi la duka langu
kati ya mifuko ya salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho.
"Mama Petronila," akasema mwenye miwani, Akwilombe,
mjukuu wa aliyetushonea mavazi,
"tunakirudisha Chombo Namba Tisa."

Kirudi kutoka wapi?
Mimi nilidhani bado kiko njiani.

Tulikirusha mwaka sabini na nane
ndani ya ghala la ushirika, hapa hapa Nachingwea,
korosho zimekwisha, magunia yamelala.
Ubavu ulikuwa bati la Wazungu wa karanga,
wale waliolima wakashindwa, wakatuachia vyuma porini.
Nyota zilikuwa matundu ya msumari kwenye turubai,
na nyuma yake Pius Nampanda na karabai,
akitembea polepole ili mbingu isogee.
Nahodha nilikuwa mimi.
Kofia yangu ya anga, kibuyu kilichokatwa uso
kikapakwa rangi ya fedha;
kilininukia togwa mpaka sayari ya sita.

Miaka mitano. Sehemu kumi na nne.
Watu walitoka Naipanga kwa miguu
kuja kuuliza kama nahodha amepona.
Fundi baiskeli alikataa kuniziba pancha
kwa kuwa nilimwacha mhandisi kwenye Mwezi wa Chumvi.
"Mrudie kwanza," alisema, "ndipo ulete tairi."

Sasa mhandisi hafi. Wamemwokoa kwa kalamu.
Nahodha ana miaka kumi na tisa,
Somoe Nangonga, nywele fupi, bablishi mdomoni.
"Na mimi?"
Wakatazamana.
"Wewe utakuwa sauti ya mtambo. Hutaonekana."
Nikahesabu mifuko ya salfa. Nikaihesabu tena.

Sisi safari yetu ilikuwa ya mwaka elfu mbili na moja.
Ulikuja, ukapita, hakuna aliyevaa fedha;
siku ulipoingia nilikuwa namuuzia mtu kiberiti.
Wao wameusogeza: elfu mbili mia moja na tisa.
Wajanja. Huko hakuna atakayewaumbua.

Nilikwenda kwenye mazoezi ili nikasoroe,
nisifiche.
Ghala lile lile, ila ukutani pazia la kijani;
nyota, wanasema, zitawekwa baadaye na kompyuta.
Somoe alitakiwa kuelea.
Akarukaruka kama kuku juu ya lami ya saa nane.
Nikacheka, tena kwa sauti. Wote wakageuka.

Hakununa yule binti.
Alitoa bablishi, akaibandika nyuma ya simu,
akaja mpaka nilipokaa:
"Nyinyi mlielea vipi?"

Nilitaka kusema, tulikuwa na njaa.
Sukari ilikuwa hadithi, sabuni ilikuwa hadithi,
hapakuwa na kitu cha kutushikilia chini.
Badala yake nikasema: "Kisigino.
Usikiinue, kisahau.
Shingo itangulie, mkono uchelewe,
macho yabaki pale ulipokuwa."

Nikasimama kumwonyesha. Miaka sitini na sita,
goti la kushoto linalia kama bawaba.
Niliachia meza.
Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kuna mtu alizima feni,
na kutoka kona ya karabai, ambako hakuna karabai,
nilihisi mbingu inasogezwa.

"Nimerekodi," akasema Akwilombe. "Naweza kuitumia?"
"Sauti tu," nikamjibu. "Si ndivyo tulivyopatana?"

Kesho yake, hata hivyo, nilifungua duka saa nne.
Kwanza nilipanda juu ya dari,
nikamwaga mbegu kwenye ndoo, nikakifuta kile kibuyu;
fedha imebaki upande mmoja, kama upara.
Somoe akakipokea kwa mikono miwili,
akakitumbukiza kichwa chote.

"Kinanuka ufuta," alisema humo ndani,
kwa sauti ya mtu aliye mbali sana.